Kitabu cha mapishi kilichomwinua mjane, na gharama yake kwa afya

Mnamo mwaka wa 1931, katika mji wa St. Louis nchini Marekani, mjane mmoja wa miaka hamsini na kitu alienda kwa kampuni ndogo ya uchapaji iliyozoea kuchapa lebo za bidhaa, akaitaka imchapie nakala 3,000 za kitabu cha mapishi. Gharama ilikuwa takriban dola 3,000, yaani nusu ya akiba aliyobaki nayo baada ya kumzika mumewe. Hakuwa amewahi kuandika kitabu. Isitoshe, jamaa zake walimjua zaidi kwa ukarimu wa kualika wageni kuliko kwa ustadi wa kupika, na wengine waliposikia habari ya kitabu walishindwa kuzuia kicheko.

Mama huyo aliitwa Irma Rombauer. Kitabu chake, The Joy of Cooking, kimeuzwa zaidi ya nakala milioni 18 na kingali kinachapishwa hadi leo.

Huenda msomaji akauliza kitabu cha mapishi kinatafuta nini katika ukurasa wa afya. Jibu ni kwamba maisha ya kazi ya mama huyu na ya binti yake yamejaa mambo ambayo sisi madaktari huyaona kila wiki katika zahanati zetu: huzuni ya mfiwa, ugonjwa wa akili uliofichwa, kiharusi, saratani, na uchovu wa mtu anayemuuguza mzazi huku kazi ikimsubiri mezani. Aidha, kazi yenyewe ya kuandika maelekezo ambayo mtu wa kawaida ataweza kuyafuata peke yake nyumbani inafanana sana na kazi yetu. Daktari anapomwandikia mgonjwa dawa, naye ameandika kijitabu kidogo cha mwongozo, hata kama ni cha mstari mmoja.

Irma mwenyewe alitoka katika jamii ya madaktari. Alizaliwa mwaka wa 1877, na baba yake, Dkt Hugo von Starkloff, alikuwa daktari aliyewahi kuhudumu katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Kaka yake, Dkt Max Starkloff, ndiye aliyekuwa kamishna wa afya wa St. Louis wakati wa homa kali ya mafua ya mwaka wa 1918. Mwezi wa Oktoba mwaka huo aliamuru shule, makanisa na kumbi za sinema zifungwe, na wafanyabiashara wakamlalamikia sana. Mji wa Philadelphia, ulioruhusu gwaride kubwa tarehe 28 Septemba, ulizika watu wengi zaidi kwa kulinganisha na idadi ya wakazi wake. Tuliokuwa kazini hapa Kenya mwaka wa 2020 tunaelewa malalamiko yale yalivyokuwa.

MSIBA

Mumewe Irma, Edgar Rombauer, alikuwa wakili. Tangu ujana wake alikuwa akishikwa na vipindi vya huzuni nzito ambayo siku hizo iliitwa udhaifu wa neva, na ambayo leo tungeiita ugonjwa wa sonona. Vipindi hivyo vilikuja na kuondoka. Mwaka wa 1929 aligunduliwa kuwa na saratani ya kibofu, akatibiwa. Februari 1930 alijitoa uhai nyumbani kwake, akamwacha Irma akiwa na umri wa miaka 52, watoto wawili wakubwa na dola 6,000 hivi. Soko la hisa la Marekani lilikuwa limeporomoka miezi michache kabla ya hapo.

Nataka tusimame hapa kidogo, kwa sababu ni jambo ambalo familia nyingi hulifunika kwa blanketi. Mtu aliyewahi kuugua sonona, kisha akaambiwa ana saratani, yumo katika hatari kubwa, hasa miezi ya kwanza baada ya kupewa habari hiyo. Upasuaji unaweza kuwa umefanikiwa, kidonda kimepona, na jamaa wanashukuru Mungu, kumbe akili haijapona. Anayekuja kliniki kukaguliwa mshono aulizwe pia kuhusu usingizi wake, hamu yake ya chakula, na kama bado anaona faida ya kuishi. Watu wengi huogopa kuuliza swali hilo la mwisho wakidhani litamtia mgonjwa wazo ambalo hakuwa nalo. Si kweli. Kumuuliza mtu waziwazi kama amefikiria kujiua hakumsukumi kufanya hivyo. Mara nyingi humpa nafasi ya kwanza ya kutua mzigo.

Hapa kwetu kulikuwa na kizuizi kingine. Kwa miaka mingi mtu aliyejaribu kujiua akanusurika aliweza kushtakiwa mahakamani kwa mujibu wa kifungu cha 226 cha sheria za adhabu. Wapo waliopitia kituo cha polisi kabla ya kumwona daktari wa akili, na zipo familia zilizodanganya hospitalini kwamba mgonjwa alikunywa dawa ya mifugo kwa bahati mbaya. Januari 2025 Mahakama Kuu jijini Nairobi iliamua kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Kwa hivyo msomaji mwenye jamaa aliye katika hali hiyo amlete hospitalini bila kuficha lolote. Hospitali yoyote ya kaunti inaweza kumpokea na kumwelekeza kwa wataalamu.

Sasa turudi kwa mjane. Anayefiwa na mwenzi wa ndoa huwa katika hatari kubwa kuliko kawaida ya kufa yeye mwenyewe, hasa katika miezi ya mwanzo, na aliyefiwa kwa njia hii hubeba pia fedheha na maswali yasiyo na majibu. Watoto wa Irma walimhimiza atafute la kufanya. Alichagua kukusanya mapishi. Alikuwa na karatasi za zamani alizotayarisha miaka ya 1920 kwa darasa la akina mama wa kanisa lake, akaanzia hapo. Majira ya joto ya mwaka wa 1930 alikaa Michigan akiandika. Aliporudi St. Louis, aliyekuwa karani wa mumewe alimpigia taipu, naye binti yake, Marion, aliyekuwa mwalimu wa sanaa, akajaribu mapishi jikoni na kuchora picha ya jalada: Mtakatifu Martha wa Bethania akimshinda joka.

Siku hizi tunayo tiba inayofanana na hayo. Mgonjwa wa sonona hupangiwa, pamoja na mshauri wake, shughuli ndogondogo za kila siku, kwa saa maalumu, ziwe na faida anayoiona kwa macho. Leo utaenda sokoni saa nne. Kesho utampigia dada yako simu. Hatumngojei mgonjwa apate hamu kwanza ndipo aanze. Anaanza, na hamu inafuata polepole nyuma yake. Tiba hii imepimwa katika tafiti nyingi na inafanya kazi. Kujaribu pishi moja, kuliandika, kulirekebisha, kisha kwenda kwenye la pili, ni ratiba ambayo mshauri yeyote angeipenda.

Hata hivyo, nisieleweke vibaya. Kuna watu, na hasa wanaume wa mjini, wanaotumia kazi kama pazia. Mtu amefiwa Jumamosi, Jumatatu yuko ofisini, na kila mtu anamsifu kwa ujasiri. Miezi minane baadaye analetwa kwangu akilalamikia kichwa na vidonda vya tumbo, na ukimchunguza huoni kidonda. Tofauti ya Irma ni kwamba kazi yake ilimrudisha kwa watu: jamaa, majirani, wenye maduka, wanawake aliowaomba mapishi na kuwauzia kitabu mlangoni. Ikiwa kazi inamtenga mfiwa na watu, na wiki zinapita hali wala kulala, huyo anahitaji matibabu. Dawa za sonona zipo, zinasaidia, na huchukua wiki kadhaa kabla ya mgonjwa kuona mabadiliko. Wengi huziacha siku ya kumi wakisema hazifai.

MAELEKEZO YANAYOFUATIKA

Kitabu kilitoka mwishoni mwa mwaka wa 1931 kikiuzwa dola 3, huku nchi ikiwa katika dhiki kubwa ya uchumi. Akina mama waliozoea kuwa na wapishi wa kuajiriwa walikuwa wameshindwa kuwalipa, wakajikuta jikoni peke yao bila kujua pa kuanzia. Walimhitaji mtu wa kuwaelekeza ambaye hakujifanya bingwa. Irma ndiye huyo. Aliandika kama mtu anayezungumza na jirani yake, akikiri kwamba naye kazi za jiko humchosha.

Lililo muhimu zaidi kwangu ni mpangilio alioubuni kwa toleo la mwaka wa 1936. Vitabu vya mapishi vya kawaida huweka orodha ya viungo juu, kisha maelezo chini. Mpishi anasoma chini, anarudi juu kuangalia kipimo, anapoteza mstari, mchuzi unaungua. Irma alichanganya vyote viwili: kila kiungo na kipimo chake kiliandikwa kwa herufi nzito pale pale kinapotumika, kwa mfuatano wa kazi yenyewe. Ukifika kwenye yai, yai liko hapo. Mkono mmoja ukiwa na mwiko, jicho halina haja ya kurukaruka.

Laiti tungeandika dawa namna hiyo! Msomaji anaijua ile bahasha ndogo ya dawa iliyoandikwa "1×3". Kwa mwenye duka la dawa maana yake ni wazi: kidonge kimoja mara tatu kwa siku. Lakini wapo wagonjwa wanaomeza vitatu pamoja asubuhi wamalize shughuli, na wapo wanaomeza kimoja saa mbili, kingine saa nne, cha mwisho saa saba mchana, kisha wakakaa hadi kesho yake bila dawa mwilini. Wote hao wamefuata maandishi. Kosa ni la aliyeandika. Unapopewa dawa, usitoke dirishani kabla hujaambiwa saa zenyewe, kama ni kabla ya chakula au baada yake, na ni kwa siku ngapi. Uandikiwe kwa lugha unayoisoma. Una haki hiyo.

Mfano mwingine ni unga wa chumvi na sukari kwa mtoto anayehara, unaoitwa ORS. Zipo pakiti za kuchanganywa na maji ya lita moja, na zipo za nusu lita. Mama aliyezoea aina moja akipewa nyingine bila maelezo anaweza kuchanganya kikali mno, na mchanganyiko mkali huzidisha chumvi katika damu ya mtoto na kumdhuru. Soma pakiti yenyewe kila mara, pima maji safi yaliyochemshwa na kupoa kwanza, kisha mimina unga wote. Huo ni mpangilio wa Irma: kila kitu mahali pake, kwa zamu yake.

Irma alijua pia jambo ambalo waandishi wengi wa vitabu vya mwongozo husahau, kwamba maelekezo hayajakamilika mpaka mtu asiyejua ayajaribu. Wasomaji walimwandikia barua wakimweleza pishi lililowaharibikia, naye akalirekebisha katika toleo lililofuata. Ndiyo sababu kitabu hakikukoma kukua.

MKATABA NA MWILI

Baada ya kuuza nakala zake nyingi mwenyewe, Irma alitafuta kampuni. Bobbs-Merrill ya Indianapolis ilimkatalia mara ya kwanza, kisha ikakubali na kuchapisha toleo la mwaka wa 1936. Alijadiliana nayo bila wakili, ingawa alikuwa mjane wa wakili, na akatia sahihi mkataba uliowapa wachapishaji hakimiliki ya toleo jipya pamoja na lile la mwaka wa 1931 alilolilipia kwa pesa zake. Mashauri ya mikataba nawaachia wenye kanzu nyeusi. Ninachoweza kusema ni kwamba karatasi ile ilizaa ugomvi uliodumu maisha yake yote na kumrithi binti yake. Toleo la mwaka wa 1943, lililotoka wakati vyakula vikigawiwa kwa kipimo kwa sababu ya vita, liliuzwa zaidi ya nusu milioni kufikia mwaka wa 1946. Pesa ziliingia, amani haikuingia.

Mwaka wa 1955 Irma alipata kiharusi, na baada ya hicho vingine vikafuata. Ni rahisi kusema kwamba wachapishaji ndio waliompa maradhi hayo, na wengine watasema hivyo. Mimi sisemi. Kiharusi hutokea mshipa wa damu unapoziba au kupasuka katika ubongo, na mambo yanayokileta mara nyingi ni shinikizo la damu, umri, kisukari, sigara na moyo unaopiga bila mpangilio. Hasira ya mara moja haitoshi kueleza. Ila nitasema hivi: mtu anayeishi vitani na barua za mawakili hulala vibaya, husahau kliniki, na hupuuza dalili. Huyo nimemwona mara nyingi.

Mwaka wa 1955 madaktari hawakuwa na mengi ya kumfanyia. Vidonge vya kupunguza maji mwilini, ambavyo hadi leo ni miongoni mwa dawa rahisi na nzuri za shinikizo la damu, vilianza kuuzwa Marekani mwaka wa 1958. Mashine ya kupiga picha za ubongo ilianza kutumika miaka ya 1970. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda ubongoni iliidhinishwa kwa kiharusi nchini Marekani mwaka wa 1996. Leo inapatikana katika baadhi ya hospitali zetu kubwa, lakini inapaswa kutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze. Hapo ndipo tunaposhindwa. Uso ukining'inia upande mmoja, mkono ukikosa nguvu, au maneno yakitoka yakiwa yamevurugika, saa imeanza kuhesabu. Usimlaze mgonjwa apumzike kuona kama ataamka afadhali. Usimpe chai wala dawa ya mdomo, kwa maana huenda hawezi kumeza. Mpeleke hospitali yenye mashine ya picha, na ukumbuke saa kamili alipoonekana mzima mara ya mwisho, kwa sababu hilo ndilo swali la kwanza utakaloulizwa.

Mzigo wote sasa ulimwangukia Marion. Alikuwa mke, mama wa watoto, mwandishi mwenza tangu toleo la mwaka wa 1951, na mwuguzi wa mama aliyekuwa akipoteza uwezo wake hatua kwa hatua. Juu ya hayo, yeye mwenyewe alikuwa akipambana na saratani. Mwaka wa 1962, wakati Irma yuko katika miezi yake ya mwisho, wachapishaji walitoa toleo jipya bila idhini ya Marion, likiwa na makosa tele. Irma alifariki tarehe 14 Oktoba mwaka huo. Marion alipigania toleo lisahihishwe, na lililosahihishwa likatoka mwaka wa 1963.

Sisi huko hospitalini tunamhudumia mgonjwa na kumsahau anayemleta. Binti anayemgeuza mama kitandani kila baada ya saa mbili usiku, kisha akaenda kazini, naye ana mwili. Akija na mgonjwa wake, nami humpima yeye pia shinikizo la damu, na kumuuliza ni lini mara ya mwisho aliyachunguza matiti yake. Ni mara chache sana nimepata jibu la maana.

Ni Marion aliyeleta afya ndani ya kitabu. Mama yake aliandika kuhusu chakula kitamu. Binti aliongeza maelezo ya lishe, nafaka zisizokobolewa, na kwa nini mboga isichemshwe hadi ife. Sura iliyofungua matoleo ya miaka ya 1960 ilihusu chakula tunachokula na kazi yake mwilini. Aliendelea kurekebisha kurasa hizo karibu hadi mwisho, na toleo la mwaka wa 1975 likawa la mwisho kwake. Alifariki Desemba 1976.

HESABU ZILIZOPOTOKA

Mwaka wa 2009 Brian Wansink, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell, alichapisha barua katika jarida la kitabibu akidai kwamba mapishi ya kitabu hicho yalikuwa yameongezeka kalori kwa wastani wa asilimia 44 tangu mwaka wa 1936. Magazeti yalishangilia. Kitabu cha bibi kikawa mshtakiwa wa unene wa Wamarekani. Mtafiti alikuwa amechagua mapishi 18 tu kati ya maelfu.

Mjukuu wa Marion, John Becker, alichukua matoleo ya zamani na kuhesabu upya. Aliona kwamba mengine yaliyolinganishwa yalibaki na jina moja tu, bali chakula chenyewe kilikuwa tofauti, na kwamba idadi ya sahani ilikuwa imekadiriwa mahali ambapo kitabu hakikuitaja. Mwaka wa 2018 habari hizo zilichapishwa. Mwaka huohuo Cornell ilitangaza kwamba Wansink alikuwa amekiuka maadili ya utafiti, makala zake nyingi zikafutwa na majarida, naye akajiuzulu.

Haya nayaandika kwa ajili ya wasomaji wanaonijia na kipande cha gazeti mkononi, wameacha kula hiki au wameanza kumeza kile. Uliza wamepima watu wangapi, au mapishi mangapi. Wakati huohuo usitumie kisa hiki kujitetea mbele ya sahani. Sahani zetu za mjini ni kubwa kweli, na mlima wa ugali ulio juu yake hauhitaji profesa. Nusu ya sahani iwe mboga na matunda, robo iwe maharagwe, samaki au nyama, na robo iliyobaki ndiyo ya ugali, wali au chapati.

Mwaka wa 2019 John Becker na mkewe, Megan Scott, walitoa toleo jipya baada ya kazi ya miaka kadhaa, wakipika na kupima katika jiko la nyumbani kwao. Lina zaidi ya mapishi 4,000, na viungo vyake vingali vimeandikwa kwa herufi nzito, kila kimoja pale kinapotumika.